Nyonga ya Mama

Mhandisi alikuwa ameiona hatua hii mara nyingi kwenye kompyuta: mguu unakanyaga, nyonga ya bandia aliyoibuni inabeba uzito, rangi nyekundu ya kuonyesha mkazo inatambaa palipoelemewa. Lakini kwenye kompyuta hakukuwa na mama yake mzazi, aliyewekewa nyonga hiyo na sasa akimng'ang'ania mkono katika korido ya hospitali.

"Mwanangu, una uhakika na hicho chuma chako?"

"Nina uhakika, mama," alisema.

Mama akakanyaga. Akatulia, kama anayesikiliza kitu cha mbali. Sauti za korido zikafifia kama za ndotoni.

"Hakiumi," alinong'ona.

Kisha, taratibu, akaanza kuyumbisha kiuno huku akiimba wimbo wa ujana wake.

"Mama! Kucheza sikukupigia hesabu!"

"Basi piga sasa," mama akasema, akamwachia mkono.