Fundi Asiye na Spana

"Huyu ni fundi, amekuja kuangalia bomba," mwenye nyumba alimwambia Muthoki mlangoni, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha tangu ahamie Kayole.

Bomba lenyewe halijawahi kuvuja.

Fundi hakubeba hata spana, na kucha zake zilikuwa safi kama za karani. Alilipita sinki bila kuligusa, akagongagonga ukuta, kisha akauliza, "Dada, majirani wa hapa wana kelele?"

Muthoki akaelewa. Nyumba inauzwa, huyu ni mnunuzi, na yeye mpangaji hajapewa notisi ya kuhama.

"Majirani hawana neno," akajibu, macho yake kwa mwenye nyumba. "Shida ni hayo maji uliyoitiwa. Mvua ikinyesha, choo hufurika mpaka kitandani."

Mwenye nyumba alimshika "fundi" wake mkono, akamvuta kuelekea mlangoni.