Kimeo cha Leo

"Huendi, nimesema! Na futa huo udenda kwanza, umeingia mpaka kwenye uji."

Mume alishtuka, akainua uso kutoka kwenye bakuli. Uji ulikuwa umemganda kwenye nyusi. Uzi wa mate ulining'inia toka kidevuni hadi ukingoni mwa meza. Mke akatazama pembeni.

"Nilifumba macho tu, mama watoto."

"Ulifumba macho! Ulikuwa unatoa mapovu kama kaa."

Mwaka ulikuwa umepita tangu akatwe kimeo, kile kinyama cha kooni. Kukoroma kuliisha, hata majirani wakampa mke hongera. Usingizi wenyewe haukurudi. Usiku alikabwa pumzi kimyakimya, akagutuka, akakabwa tena. Mchana alisinzia popote, mdomo wazi, ukinuka kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Mto wake ulikuwa na madoa ya njano yaliyoshinda kila sabuni.

"Hospitali wananisubiri," alisema, akichota uji mwingine. "Ni kimeo tu, mara moja kimekwisha."

"Kimeo, kimeo! Kimeo kilikatwa, kimeo mwenyewe amebaki mezani kwangu."

Mume alicheka, uji ukamtoka puani. Mke akamrushia kitambaa cha vyombo.

"Na ukisinzia huko?"

"Nitakuwa nimesimama. Nani analala amesimama?"

"Wewe! Juzi bafuni, mswaki mdomoni, povu linachuruzika mpaka kitovuni. Waambie basi kwamba hukupona."

"Nikisema hivyo, hawataniita tena."

Alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akasugua kucha moja moja. Kisha akakaa avae viatu. Alivaa kimoja. Cha pili kilibaki mkononi, kichwa kikaanguka kifuani, na ule uzi wa mate ukaanza kushuka tena, taratibu, ukitafuta kiatu.

Simu yake ililia mezani. Hakusikia. Ililia tena, karibu na sikio lake. Akajilamba midomo, akaendelea kulala.

Mke aliifuta simu kwa ncha ya kitambaa, akaishika kwa vidole viwili, akapokea.

"Sista, ni mke wake. Huyo mgonjwa wa kimeo mwambie avae nguo zake, anywe chai, arudi kwao. Daktari hakati mtu leo."