Ubao Usiobanduliwa

Karatasi ya kwanza ilitoka ubaoni nzima, na fundi cherehani akaitupa miguuni pa karani bila hata kuitazama.

Mwenyekiti wa mtaa aliinama, akaiokota na kuisoma kwa sauti. "Chanjo ya mbwa. Ya mwezi huu." Akaandika kwenye daftari lake. "Endelea, mama."

Fundi aliendelea. Alikuwa na kisu cha jikoni, ndoo ya maji ya moto na tambara, na nusu ya mtaa ilikuwa imesimama nyuma yake. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea harusini. Asubuhi hii alikuwa ameingoja mwaka mzima, na hakutaka kumwaibisha adui yake akiwa na nguo za kufulia.

Ubao wa matangazo wa pale njia panda haukuwa umewahi kubanduliwa tangu usimikwe. Msimu ukigeuka, karani wa halmashauri hupaka gundi ya unga juu ya tangazo la zamani, akabandika jipya, basi. Wakazi nao hubandika yao popote: vyumba vya kupanga, mbuzi aliyepotea, mganga asiyeshindwa na kitu. Sasa ubao ulikuwa mnene kama godoro la bweni. Ndiyo maana mwenyekiti, baada ya kupokea barua kumi na moja za fundi, aliamua hivi: kama kweli karani alibandika onyo la bwawa mwaka jana, lingali humo ndani. Likikosekana, kazi hana, na polisi wana maswali naye.

Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, halmashauri hufungua lango la bwawa kupunguza maji, na hutoa onyo siku tatu kabla. Mwaka jana hakuna mtu mtaani aliyeliona onyo hilo. Mume wa fundi aliingia mtoni saa nne asubuhi, baiskeli begani, kwenye kivuko alichokizoea tangu utotoni. Baiskeli ilipatikana siku ile ile. Mwenyewe alipatikana siku ya tatu.

Fundi hakulia sana, alikuwa na kazi ya kufanya. Alimrudishia karani vitambaa vya watoto wake bila kushonwa. Akawasimulia wateja waliofika kwenye mlango wake wa buluu, na mteja wa fundi cherehani ni kila mtu. Baada ya miezi sita mke wa karani alikuwa hajibiwi salamu dukani, akafunga virago, akaenda kwao na watoto. Fundi alipoletewa habari hiyo alimalizia pindo alilokuwa akilishona. Moyo wake ulisema bado.

"Dawa ya mbu," mwenyekiti alisoma. "Kusafisha mitaro. Marufuku kuchoma majani, hii ya kiangazi."

Ubao ulikuwa unarudi nyuma msimu kwa msimu. Karani alisogea karibu. Alikuwa amekonda, shati la kazi likimning'inia kama lililoanikwa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "tuishie hapa. Mwenyekiti, andika kwamba sikubandika. Nitatia sahihi."

Watu waliguna.

"Usiniite shemeji," alisema fundi. "Mlikula sahani moja na mume wangu tangu mko shule, halafu ukashindwa kuleta karatasi moja mpaka hapa."

"Sawa. Nilishindwa. Yaishe."

"Mwaka mzima unaapa kwamba ulilibandika, leo kisu kimefika mfupani ndiyo unakiri?" Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwenyekiti alitazama saa yake. "Mama, mtu keshakiri. Tuandike, twende tukapumzike."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwenyekiti. Mwache aufikie huo ukingo, watu wamwone."

Alichovya tambara, akalowesha katikati ya ubao. Karani akawahi kuweka kiganja chake pale pale, vidole vyote vikiwa vimetanuka.

"Nakuomba," alisema. "Kwa ajili ya marehemu."

Hapo fundi alisikia utamu ambao hakuwahi kuusikia maishani. Aliuondoa mkono ule kwa ubapa wa kisu, taratibu, macho yake yakiwa usoni pa karani ili asikose chochote. Akapapasa ncha ya karatasi, akaivuta yote kwa mkupuo, akaitupa miguuni pake pamoja na zile nyingine.

Fundi aligeukia ubao.

Onyo lilikuwa pale, zima, na muhuri wa halmashauri na tarehe ya mwaka jana. Lango la bwawa litafunguliwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mtu yeyote asivuke mto.

Alilisoma mara mbili. Kisha akawageukia watu, kisu bado mkononi, akiwakagua mmoja baada ya mwingine.

"Kuna mtu alilifunika," alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Ndani ya zile siku tatu, kuna mtu alikuja na gundi yake akalifunika. Nitamjua. Na nikimjua, haya aliyoyaona karani atayaona cha mtoto."

Karani alikuwa ameshainama. Aliiokota ile karatasi ya mwisho, akaikunja haraka, na alikuwa anaitia mfukoni mwenyekiti alipomnyooshea mkono.

"Lete hiyo. Zote lazima ziandikwe."

Karani hakuitoa. Mwenyekiti akaichukua mwenyewe, akaikunjua, akaisoma kwa sauti kama alivyozisoma nyingine: "Shule zinakaribia kufunguliwa. Sare za watoto wote zinashonwa kwa fundi wa njia panda, mlango wa buluu."