Buti Kutoka Mji wa Makauboi

Kwa wakwe zangu, msafiri hafungui sanduku lake. Mke ndiye hulifungua, mbele ya wote. Basi nilipotoa buti za kike za ngozi, mama mkwe akapiga vigelegele hadi mtaa wetu wote wa Yeoville ukasikia.

"Za kwako, chérie," mume wangu Thierry akasema haraka. "Kule Marekani, mji wa makauboi, wanawake wote wanavaa hizi."

Nikazijaribu palepale. Kisigino kikagoma kuingia. Na huyu ndiye hununua viatu vyangu vyote!

Nikazigeuza. Soli zilikuwa zimegandwa na mavi makavu ya farasi.

Nikaziweka mezani, kando ya sahani ya fufu ya mama mkwe.

"Mama," nikamwambia, "mwanao alituapia kwenye simu kwamba kule alipanda farasi peke yake."