Pazia la Mama

Siku ya kumi na moja ya ugomvi wao, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, pazia la mama likapanda. Msusi alikuwa mlangoni mwa saluni yake, ng'ambo ya barabara, kikombe cha chai mkononi. Akashusha pumzi. Kisha akakasirika.

"Haya, mzima wewe," akasema peke yake. "Mzima na kiburi chako."

Yalikuwa makubaliano yao tangu baba afariki. Mama akiamka anafungua pazia la chumbani, kule ghorofani. Ikifika saa moja halijafunguliwa, binti anavuka na ufunguo, mbio. Katika miaka sita alikimbia mara moja tu, Jumapili, akamkuta mama anakoroma, na akasimangwa kwa kumkatizia usingizi. Tangu hapo Jumapili mama akapewa mpaka saa tatu.

Ugomvi uliletwa na pazia hilohilo. Mama alilazwa wiki nzima kwa ajili ya kifua. Daktari akasema ni vumbi, na vumbi la nyumba ile lilikuwa na makao yake: mapazia mazito ambayo marehemu baba, fundi cherehani, aliyashona kwa mkono wake. Msusi akaona amalize kazi kabla mama hajaruhusiwa. Akaenda dukani kwa fundi wa mapazia, akashikashika vitambaa nusu siku, akachagua pazia la sega, rangi ya maziwa. Kitambaa chake kimekunjwa vijumba vijumba kama vya nyuki, hewa inakaa humo ndani, joto halipenyi wala jua. Halina kamba. Unashika ubao wa chini, unausukuma juu, linabaki ulipoliacha. Yale ya zamani akayatia kwenye mfuko wa taka.

Mama akarudi, akasimama katikati ya chumba na dawa zake mkononi.

"Mapazia ya baba yako yako wapi?"

"Nimeyatupa, mama. Vumbi litakuua."

Mama hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Umemtupa baba yako jalalani," akasema. "Nenda kwako. Usikanyage hapa mpaka nikuite."

Basi mama hakuita, na binti hakuvuka. Kiburi hicho hakukiazima kwa jirani, alikinyonya kwa mama.

Siku ya tatu akaiona pikipiki ya fundi wa mapazia chini ya ngazi za mama. Akajua sasa linang'olewa. Alimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, akatoka nje kuchungulia. Fundi akashuka na begi lake tu, akampungia mkono, akaenda zake. Jioni pazia lilikuwa palepale, likashuka taratibu. Msusi akacheka kidogo. Kumbe amelipenda, ila kukubali ndiyo kazi.

Tangu siku hiyo mama akawa mtu wa saa kuliko saa yenyewe. Kumi na mbili na dakika ishirini pazia linapanda, kumi na mbili jioni linashuka. Hata Jumapili. Hilo ndilo lililomuuma msusi. Mwanamke asiyeamshwa Jumapili hata kwa ngoma, leo anaamka alfajiri makusudi, ili mtu asipate sababu ya kuvuka barabara. Ng'ombe hazeeki maini, akajisemea. Kutoka chini alikuwa haoni kitu ila dari na kichwa cha kabati. Kwenye roshani sweta la kijivu lilikuwa kambani wiki nzima, limenyeshewa mara mbili. Hata hilo alilisoma: ananionyesha kwamba hana mtu wa kumwanulia nguo.

Lakini siku hiyo ya kumi na moja hasira ilipopoa, kilichobaki kilikuwa uchungu mtupu. Alimtaka mama yake. Akaenda nyuma ya saluni, akaufungua ule mfuko wa taka. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuutupa, mkono ulikataa. Usiku uliotangulia mapazia yale alikuwa ameyatoa, akayafua maji matatu, akayakausha, akayarudisha humo yakiwa yamekunjwa vizuri. Pindo la baba lilikuwa imara vilevile. Akayabeba mpaka dukani kwa fundi.

"Twende ukalitoe lile la sega kwa mama, uyarudishe haya," akasema. "Sisubiri tena kuitwa. Naenda kumwomba radhi."

Fundi akamtazama. "Kulitoa, dada? Na kazi yote ile niliyoongeza?"

"Kazi gani?"

Fundi akakuna kichwa. "Mama alinikataza nisikwambie, lakini kama ni kulitoa, basi. Siku mbili za mwanzo aliusukuma ule ubao kwa taabu, vidole vyake havina nguvu. Akasema, mwanangu asipoona dirisha limefunguliwa, siku yake yote inaharibika. Ndiyo nikamfungia mota na saa. Linapanda asubuhi na kushuka jioni, lenyewe."

Msusi akayaweka mapazia juu ya meza, polepole.

"Kesho yake alikuwa anipigie, anieleze kama linafanya kazi," fundi akaendelea. "Hakupiga. Mimi nikimpigia hapokei, leo siku ya nane. Nilidhani amesafiri. Linafanya kazi lakini?"

"Linafanya," msusi akasema. "Halijakosa hata siku moja."