Jicho la Tausi

Tangu tanuri za kuchomea vyombo zilipopigwa marufuku, hakuna kikombe kipya kinachouzwa, na kila kinachovunjika nyumbani lazima kibandikwe kwenye ukuta wa nyumba hiyohiyo. Ukutani kwangu kulikuwa na samaki mmoja wa vigae, tena amepinda. Kwa jirani yangu, Bi Sikudhani, ukuta mzima ulikuwa bustani. Wapita njia walipunguza mwendo ili waione.

Nilimwomba anifundishe.

"Wewe unapanga vigae kama askari wa gwaride, mwanangu," alisema. "Manyoya ya tausi hayaendi hivyo. Fuata mpindo wa shingo, na vipande vizidi kuwa vidogo ukikaribia kichwa."

Alichukua kipande cha sahani, akakibana kwa koleo mara moja tu, kikakaa mahali pake kana kwamba kilizaliwa pale. Sijaona mikono kama ile. Baada ya miezi miwili nami nilikuwa na tausi wangu, ungedhani atalia. Alikosa jicho tu.

"Jicho linataka kijani," alisema Bi Sikudhani, akinimiminia chai kwenye kopo la maziwa. Yeye alinywea kifuu cha nazi. Ndipo nilipolitazama kabati lake la vyombo. Lilikuwa tupu, limepanguswa likang'aa.

"Hivi vyote ukutani vilikuponyoka, Bi?"

"Vya mwanzo, ndiyo."

Nyumbani nilikiosha kikombe cha kijani alichoniachia marehemu mama. Nilikikausha taratibu, nikakirudisha rafuni. Nilikiweka ukingoni kabisa, pale paka anapopenda kupita.