Kisanduku cha Kilomita

Afisa wa kodi alikaza skrubu ya mwisho, na kisanduku kikawaka taa nyekundu chini ya usukani wa bajaji ya umeme ya Zawena.

"Hununui petroli, mama, kwa hiyo barabara huichangii," alisema. "Sasa utalipia kila kilomita."

Zawena alimtazama kama anayetaka kummeza. "Panda, nikurudishe ofisini."

 Walipofika mtoni, Zawena akafunga breki kwa nguvu. Daraja lilibaki nguzo mbili tu. Mafuriko yalilibeba mwaka juzi. Ng'ambo, karibu kabisa, ofisi ya kodi iling'aa kwa rangi mpya, ubavuni mwa hospitali.

"Kila siku napeleka wagonjwa pale," alisema, akiinyoshea hospitali kidole. "Nazunguka kilomita kumi na nane. Hizo nazo nizilipie?"

"Sheria haiangalii daraja, mama. Inahesabu magurudumu."

"Basi na wewe daraja hulihitaji. Shuka, uvuke!"

Afisa alishuka. Zawena akageuza bajaji, akaondoka bila kuaga. Kwenye kioo alimwona yule bwana katikati ya mto, viatu mkononi, suruali imelowa hadi mapajani. Chini ya usukani kisanduku kikalia, kikiandika kilomita ya kurudi.